Maji ya Kifuani

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili nimewaambia wanafunzi mara nyingi kuwa lugha yetu ina milango mitatu ya kuingilia mahali: po, ko na mo. Po huonyesha mahali panapojulikana, ko huonyesha upande usio na mpaka, na mo huonyesha ndani. Wanafunzi huandika, mtihani huja, majibu hupatikana, na baada ya hapo jambo lenyewe husahauliwa. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliosahau. Aliyenikumbusha ni mjomba wangu wa Ujiji, mtu ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, na alinikumbusha wakati alipokuwa hawezi hata kulala chali kwa kukosa pumzi. Funzo hilo lilinigharimu aibu. Yeye lilikuwa karibu kumgharimu maisha. Nalieleza hapa kwa kuwa nadhani wako wengine wenye elimu kama yangu wanaoweza kukosa kama nilivyokosa.

Mjomba huyo ndiye aliyenilea. Usiku alikwenda ziwani na taa kuvua dagaa na migebuka, na ada ya shule yangu ilitoka katika dagaa hao. Alipopata umri wa makamo aliacha nyavu akashika uchukuzi: alipakia magunia ya chumvi ya Uvinza katika boti la mbao, akayapeleka katika vijiji vya mwambao, akarudi na mihogo, mawese na dagaa wakavu. Alilijua Ziwa Tanganyika kama mtu ajuavyo tabia ya mkwewe, yaani kwa heshima na kwa hadhari. Ziwa hilo lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Hakuna ziwa lenye kina kulishinda duniani isipokuwa Baikal. Yeye hakuzijua hesabu hizo. Alijua tu kuwa kitu kikizama mbali na pwani hakitafutwi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 alipatwa na kikohozi kikavu. Jioni homa ilimpanda, usiku jasho lilimtoka, na nguo zake zilianza kumpwaya. Ubavu wake wa kuume ulimchoma kila alipovuta pumzi. Baada ya majuma kadhaa ule mchomo ulipungua, naye akafurahi, akidhani kuwa ugonjwa unaaga. Kumbe mchomo ulipungua kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kuingia baina ya nyama mbili zilizokuwa zikisuguana, na kadiri maumivu yalivyokwenda, ndivyo pumzi ilivyofupika. Binamu yangu alimpeleka hospitali. Picha ya kifua ikapigwa, na upande wa kuume, mahali ambapo pafu huonekana jeusi kwa hewa iliyomo, palionekana peupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Binamu yangu alimpa daktari simu, na daktari, kijana mwenye adabu na mwenye kazi nyingi, akaniambia kuwa kuna maji kwenye mapafu na kwamba yapasa kutolewa kwa sindano. Nikamshukuru. Kisha nikaomba nizungumze na mjomba. Baada ya kumwamkia nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: "Mjomba, usiwe na wasiwasi. Mapafuni mna maji, nayo yatatolewa kwa sindano."

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Nimesikia, mpwa wangu. Mungu akulinde." Akarudisha simu, akajifunga shuka yake, akaomba arudishwe nyumbani. Asubuhi yake alikataa katakata kurudi hospitali.

Nilipanda gari la moshi la kwenda Kigoma. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilometa 1,200, na mtu aliye na jambo moyoni hupata nafasi ya kulichambua mpaka limchoshe. Niliyachambua maneno yake. "Mungu akulinde" ni dua ya mtu anayesafiri kwa mtu anayebaki, na mimi ndiye niliyekuwa mbali naye. Hata tulipopita Uvinza sikuwa nimelipata jibu.

Nilimkuta Ujiji, barazani kwake, ameketi juu ya mkeka na ameegemea gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu. Hakuweza kulala, akijinyosha alihisi kama mtu aliyekaliwa kifuani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitika, "Marahaba," kwa mafungu mawili, pumzi moja kwa kila fungu. Tulipokwisha kujuliana hali nilimwuliza kwa nini amekataa sindano. Alinitazama kwa muda, bila hasira, kisha akanieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mpwa wangu, mimi nimewatoa watu ziwani. Mdogo wangu mwenyewe nilimtoa kwa mikono hii. Tulimpindua, maji yakamtoka kinywani, lakini pumzi haikurudi. Mwenye maji ndani ya mapafu ni mtu aliyekufa maji. Wewe ni msomi, hukosei maneno. Uliponiambia kuwa mapafuni mna maji, nilijua kuwa unaniaga."

Sijapata kukosolewa kwa upole mkubwa zaidi ya huo, wala kwa uzito mkubwa zaidi. Nilikuwa nimesema mna. Lugha ilikuwa imenipa pana na kuna, nami kwa haraka nilichukua mna, nikamtia mtu mzima ziwani kwa herufi moja. Daktari alisema "kwenye mapafu", neno linalofunika ndani, nje na kando kwa shuka moja. Mimi, mwenye shahada ya lugha, ndiye niliyelifunua shuka hilo upande usiofaa. Wenye mikutano ya elimu wangeiita tofauti hiyo kuwa ndogo. Pale barazani ilikuwa tofauti baina ya mgonjwa na maiti.

Ukweli wa jambo lenyewe ni huu. Kila pafu limefunikwa kwa utando mwembamba, na utando huo hukunjuka ukaenda kuambaa ukuta wa kifua kwa ndani. Hivyo ziko nyuso mbili zinazotazamana, na baina yake mna unyevu kidogo tu, usiozidi vijiko vichache vya chai, uwezeshao pafu kuteleza kila mtu avutapo pumzi. Maradhi yakiingia, unyevu huo huzidi ukawa maji. Kifua kikuu ni sababu kubwa katika nchi zetu; sababu nyingine ni nimonia, udhaifu wa moyo, na saratani. Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yako nje ya pafu na ndani ya kifua, nayo hulisukuma pafu mpaka likajikunyata, kama mtu mnyonge aliyebanwa pembeni mwa kitanda na mgeni mnene. Wakati mwingine kinachoingia mahali hapo si maji bali ni hewa, na hewa hiyo nayo hulibana pafu vilevile, na ikizidi mno hutolewa kwa sindano au kwa mpira.

Nilijaribu kumweleza mjomba hayo kwa maneno ya darasani: utando wa nje, utando wa ndani, nafasi ya katikati. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Sasa niambie. Maji yamo ndani ya gunia la chumvi, ama yamo ngamani?"

Nilikaa kimya, kwa sababu swali lile lilikuwa bora kuliko maelezo yangu yote. Ngama ni neno la mabaharia wa pwani, na yamkini lilifika Ujiji pamoja na misafara yao. Maana yake ni sehemu ya chini ya chombo ambamo maji yanayopenya hukusanyika. Boti lililopakia chumvi likipenyeza maji, nahodha hutaka kujua kwanza kama maji yamekwisha kuingia katika magunia. Yakiwa yameingia, chumvi imepotea. Yakiwa bado yako baina ya gunia na mbao, kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni kufua maji.

Nikamjibu, "Yako ngamani, mjomba. Gunia ni zima, limebanwa tu."

"Basi ni kazi ya kopo," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini ilibaki sababu ya pili, na hiyo haikuwa yangu. Majirani walikuwa wamemhesabia watu watatu wa mtaani waliotolewa maji kifuani, wote wakafa. Neno hilo nimelisikia pwani, nimelisikia bara: ati mtu akitolewa maji haishi. Sikutaka kulicheka, kwa maana watu hawakulitunga. Waliyaona mazishi kwa macho yao. Nilimwuliza tu kila mmoja wa wale watatu alikwenda hospitali baada ya muda gani. Mmoja alikwenda baada ya miezi minane ya kujaribu mitishamba. Wa pili alikuwa na saratani. Wa tatu alitolewa maji, akapata nafuu, akaacha dawa katika mwezi wa pili. Mjomba alifikiri, kisha akasema mwenyewe kuwa mtu akifika bandarini chombo kikiwa kimekwisha kukatika, haifai kulilaumu kopo. Sindano haikuwaletea wale mauti, iliyakuta njiani.

Asubuhi tulimweka garini, ameketi wima baina yangu na binamu yangu, tukashika njia fupi ya kutoka Ujiji kwenda Kigoma mjini. Tulipita karibu na mahali penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka wa 1871. Wageni hupigwa picha hapo, na habari ya mkutano ule husimuliwa sana. Lakini mimi siku ile nilikumbuka safari ya nyuma yake. Mwanzoni mwa mwaka wa 1869 Livingstone, ambaye naye alikuwa tabibu, alishikwa na nimonia ya pafu la kuume akiwa upande wa magharibi wa ziwa. Alikohoa usiku na mchana, akatema makohozi yenye damu, akashindwa kutembea. Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara aliyefuatana naye, alimfanyia machela na kumwuguza, na watu wake wakambeba. Mwezi wa Machi mwaka ule alivushwa ziwa kwa mtumbwi akafikishwa Ujiji. Zamani hizo hakuna aliyeweza kukitazama kifua kwa ndani, kwa maana miale ya picha ilivumbuliwa na Röntgen mwaka wa 1895. Tabibu yule aliyejua dawa alibebwa na watu waliojua njia. Nilimtazama mjomba, nikaona kuwa hali yetu haikuwa mbali sana na ile: nilikuwa na maneno mengi, lakini neno lililotufikisha hospitali lilikuwa lake.

Daktari alimpokea vizuri. Alimgonga mgongo kwa kidole juu ya kidole, kutoka begani kushuka chini, nasi sote tukasikia: juu sauti ilikuwa na mwangwi, chini ilikuwa nzito kama ya kugonga gogo bichi. Mjomba akasema, "Anatafuta mahali mafuta yalipofika katika pipa." Hakujua kuwa amesema kweli ya historia. Aliyeandika kwanza juu ya ugongaji huo ni Leopold Auenbrugger, tabibu aliyetoa kitabu chake Vienna mwaka wa 1761; baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na yasimuliwa kuwa huko ndiko mtoto alikoona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua kimo chake. Kutoa maji yenyewe ni kazi ya kale zaidi: matabibu wa Uyunani wa zama za Hippocrates walijua kukipasua kifua chenye usaha. Lakini kufyonza kwa sindano na bomba, bila kupasua, kulipata nguvu baada ya mwaka wa 1850, kwa kazi ya Morrill Wyman na Henry Bowditch karibu na Boston, Marekani.

Kabla ya kutia saini mjomba aliuliza, "Sindano yaweza kulitoboa gunia?"

Daktari alinitazama. Nami nakiri kuwa moyoni nilitaka aseme hapana. Tulikuwa tumemleta kwa taabu. Neno moja la hofu lingeweza kuturudisha Ujiji. Lakini nilikwisha kumdanganya mjomba mara moja bila kukusudia, na sikuwa tayari kumdanganya kwa kukusudia. Nikamwambia daktari, "Mweleze yote." Akaeleza kuwa jambo hilo laweza kutokea, ingawa si mara nyingi, kwamba likitokea hewa huingia nje ya pafu, na pengine mgonjwa hulazimika kutiwa mpira kwa siku chache, na kwamba ndiyo sababu yeye hulitafuta kwanza lindi la maji kwa chombo cha mawimbi ya sauti, asipige sindano kwa kubahatisha.

Mjomba akatikisa kichwa. "Sasa namwamini," akaniambia. "Nahodha anayesema ziwa halina mawimbi, usipande chombo chake." Akatia dole gumba chake kwenye karatasi, ingawa alijua kuandika jina lake, kwa sababu mkono ulikuwa ukimtetemeka.

Aliketishwa ukingoni mwa kitanda, mikono yake juu ya meza yenye mto, mgongo wake kwa daktari na uso wake kwangu. Nilimshika mikono. Mgongo ulisafishwa kwa dawa, ikapigwa sindano ndogo ya ganzi, na baadaye ile kubwa. Daktari aliipitisha juu ya ukingo wa juu wa ubavu, si chini yake, kwa maana chini ya kila ubavu hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Mjomba aliniminya vidole mara moja, kisha akalegea. Maji yakaanza kuteremka katika mpira, rangi yake kama samli iliyoyeyushwa, yakaingia katika chupa bila haraka.

Chupa ilipofika nusu alianza kukohoa. Nilishtuka, lakini daktari akasema ni pafu linalokunjuka. Baadaye kidogo alisimama, ingawa maji yalikuwa bado. Yalikuwa yamekwisha kutoka yapata lita moja na robo. Alitueleza kuwa pafu lililokaa muda mrefu limebanwa halipendi kufunguliwa kwa ghafula. Likitanuliwa upesi mno laweza lenyewe kuvimba na kuingiwa na maji, na safari hiyo yakawa maji ya ndani kweli. Kwa sababu hiyo desturi ni kutozidisha lita moja na nusu hivi kwa mara moja. Nilifikiri kuwa hata mno na pana zake zina zamu.

Mjomba alivuta pumzi. Aliivuta tena, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akasema kwa sauti niliyoijua tangu utoto wangu, "Liemba ilikaa chini ya maji miaka minane, ikatoka. Mimi sikufika hata miezi mitatu." Maana meli ile, iliyoletwa kwa vipande na Wajerumani na kuundwa Kigoma, walimwengu wake waliizamisha wenyewe mwaka wa 1916 isitekwe, Waingereza wakaiopoa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini. Mjomba aliipanda mara nyingi, na aliihesabu kama jamaa.

Usiku ule alilala chali. Mkewe aliamka mara tatu kumsikiliza kama anapumua, kwa jinsi alivyotulia.

Sindano haikumponya. Ilimpa pumzi, na ilitupa maji ya kupima. Vipimo vilionyesha kifua kikuu, ugonjwa ambao mdudu wake aligunduliwa na Robert Koch mwaka wa 1882. Mjomba alipewa dawa bila malipo kwa miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mpango huo mfupi una deni kwa nchi zetu. Zamani matibabu yalichukua miezi 18, na majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kuanzia mwaka wa 1970 ni miongoni mwa yale yaliyothibitisha kuwa muda huo waweza kupunguzwa. Na utaratibu wa kumhesabu kila mgonjwa na kumsimamia mpaka amalize dawa ulistawishwa Tanzania kuanzia mwaka wa 1977, katika mpango wa taifa uliosaidiwa na tabibu Karel Styblo, kabla haujaigwa ulimwenguni. Mjomba alimaliza dawa zake mwezi wa Septemba. Hakuruka hata siku moja. Alisema kopo haliachwi mpaka ngama ikauke.

Aliishi miaka minne baada ya hapo, akafariki kwa maradhi mengine, katika uzee wake, kitandani pake. Katika miaka hiyo barazani kwake palipata sifa ndogo. Mtu akiambiwa kuwa ana maji kifuani, jamaa zake walimleta kwa mjomba kabla ya kwenda hospitali, na pengine baada ya kukimbia hospitali. Hakuwapa dawa. Aliwauliza kama wameambiwa maji yako wapi, na wengi walijibu kama nilivyosema mimi: yamo mapafuni. Hapo aliwaeleza habari ya gunia na mbao. Sikuhesabu walioshawishika, wala sijui waliopona ni wangapi. Najua mwanamke mmoja aliyekwenda, kwa kuwa alikuja mazishini akasimama mlangoni muda mrefu.

Hata sasa nifundishapo po, ko na mo, huwapa wanafunzi mfano huo. Huandika upesi, kama walivyoandika mwaka jana, na bila shaka watanijibu vizuri katika mtihani. Lakini huwaomba jambo moja lisilomo katika mtihani: kwamba siku watakapoitwa na jamaa zao wawafasirie maneno ya daktari, kabla ya kusema neno lolote la mahali, wajiulize msikilizaji amepata kuona maji ya namna gani, na wapi, na yalimtoka nani.